Mbelu Alipozima Jenereta Kilioni

Si Kolwezi nzima inayomjua Mbelu, lakini wanaokula kwenye kamiyo ya Kassim wanamjua vizuri, na wanamjua kwa mambo mawili: jenereta lake na mdomo wake. Wengi wangefurahi aache kimojawapo. Hawamaanishi jenereta.

Kamiyo yenyewe ni Canter kuukuu ambayo Kassim, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Maniema, aliigeuza kuwa jiko linalotembea. Siku za kazi inaegeshwa kando ya barabara ya migodini, na wachimbaji na makarani wanapata wali, maharage, kuku, na bukari, yaani ugali, inayotoa moshi. Jumamosi inakodishwa kwenye harusi na vilio. Zena, mke wa Kassim, ndiye mpishi. Mbelu hapiki na hataki kuombwa kuonja chumvi. Yeye ana jenereta la dizeli lililofungwa nyuma ya kabini ndani ya kizimba cha vyuma, na kazi yake ni kuhakikisha umeme haukosekani jikoni na haumuui mtu.

Nusu ya pili ya kazi hiyo hakuna anayeiona. Umeme ukikosekana, watu wanapiga kelele. Umeme usipomuua mtu, nani atakuja kukushukuru?

Ana miaka arobaini na sita, ni mwembamba, huvaa ovaroli ya buluu iliyopauka na kitenge juu yake ili mama zake wa kanisani wasipate la kusema. Ana utaratibu wake na hauvunjwi. Jenereta likiwaka linaachwa lingurume dakika tano peke yake. Halafu friza ya kwanza, anasikiliza. Halafu friza ya pili. Halafu feni ya moshi. Vikaangio viwili vya umeme vinaingia mwisho, kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja kinavuta ampea kumi, na ukivichomeka vyote kwa mkupuo injini inakohoa, umeme unashuka, na zinazoungua ni friza. Zena anajua hayo yote. Ameelezwa mara mia. Na bado, foleni ikirefuka kidogo tu, anachomeka vyote viwili na kujifanya hamnazo.

"Mama Zena! Nilikuambia nini?"

"Yaya," Zena humwita hivyo, dada mkubwa, "batu beko na njala."

"Friza ikiungua, batakula nini? Batakukula we?"

Ndivyo asubuhi zinavyoanza. Mteja mgeni anaweza kudhani wanawake hawa wawili wanakaribia kushikana mashati. Wenyeji wanajua kuwa hiyo ndiyo salamu yao, wanangoja sahani.

Sasa, Jumamosi moja ya Agosti, ile baridi ya kiangazi inayokausha midomo, kamiyo iliitwa Dilala, kwenye nyumba za matofali zilizojengwa zamani na kampuni ya mgodi. Palikuwa na kilio cha Tata Kabedi, karani mstaafu, siku ya tatu. Mtaa ule ulikuwa gizani kwa wiki mbili. Waya ulikatika kwenye kona, nguzo tatu kutoka nyumba ya marehemu, na watu walipochoka kungoja walichangishana wakatafuta fundi wao binafsi wa kupanda na kuuunga. Fundi alipanda siku hiyohiyo asubuhi. Kutoka alipoegesha Kassim, juu ya ukuta wa uani, Mbelu aliweza kuona kichwa cha nguzo ile na viatu vya chuma vya fundi vikiwa vimeng'ata mti. Hakuangalia zaidi. Alikuwa na kazi yake, na fundi alikuwa na yake: waya wa mtaa ulikuwa mfu, na mradi ubaki mfu, mtu yule atashuka na miguu yake.

Na ungebaki mfu kama si watani.

Katika vilio vya watu wa kaskazini ya Katanga, watani wa ukoo wana mamlaka kuliko wenye kilio. Wanakuja bila kualikwa. Wanamwiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyodai chakula. Wanateka sufuria, viti, hata viatu vya mchungaji, na mwenye mali anakomboa kwa kuku au kreti ya bia. Sharti ni moja tu: hukasiriki. Ukiwakasirikia watani kilioni umeaibisha nyumba ya msiba, na faini inapanda papo hapo.

Unaona mwenyewe balaa alilokuwa nalo Mbelu.

Kiongozi wa watani siku hiyo alikuwa Numbi, dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, mtu wa kitambi na sauti ya tarumbeta. Alikuwa amevaa koti la kijivu la marehemu, halifungi tumboni, na miwani yake pia. Saa tano kamili alikuja mpaka kwenye kizimba cha jenereta.

"Mama Mbelu, leta kuran mu salon. Mwenye nyumba anataka kuangaria mupira." Kuran kwao ni umeme, na salon ni sebule.

"Mwenye nyumba alikufa."

"Njo mi huyu," Numbi akasema akivuta kola. "Nilifufuka. Kule juu habana televizyo."

Wenzake wakaangua kicheko. Mbelu hakucheka. Vikaangio vyote viwili vilikuwa vinafanya kazi, sindano ya ampea ilikuwa juu, na Zena alikuwa na kuku wa watu themanini mafutani.

"Ngoja bamalize kukaanga. Saa sita nitakupa rallonge, waya ya kuvuta mupaka ndani."

"Unaniambia 'ngoja' mu nyumba yangu?"

"Nakuambia ngoja, na utoe ile mukono ku groupe yangu," akasema, akionyesha jenereta.

Basi, imekwisha. Amekasirika, na kila mtu ameona. Watani walipiga vigelegele kama watu waliopata zawadi. Mignonne, binamu yake Numbi, alifungua kitenge chake cha juu, akakifunga kwenye mlango wa kizimba, akakalia kigoda cha Mbelu. Jenereta limetekwa. Faini ikatangazwa: mama mwenye sura ya ndimu achote madumu mawili ya maji kwenye kisima cha mtaa wa pili, abebe kichwani, na akirudi aimbe.

Mbelu alimtazama Kassim. Kassim alitazama viatu vyake. Anaishi kwa vilio na harusi za watu hawa, ataanzaje kuwaambia watani hapana?

"Yaya, wende tu," akasema kwa sauti ya chini. "Ni kilio."

Alikwenda. Damu ilikuwa inamchemka, lakini alikwenda. Kabla ya kuondoka alimwambia Mignonne asiguse kitu, na Mignonne akajibu kwa kumtolea ulimi.

Foleni ya kisimani haikuwa fupi. Njiani kurudi, dumu moja kichwani na lingine mkononi, maji yakimdondokea shingoni, alikuwa anatunga maneno ambayo angemwambia Kassim jioni. Alikuwa amefika kwenye maneno mazuri kabisa aliposikia shangwe. Ilitoka kwenye ua wa jirani, si kilioni. Watoto walikuwa wanaruka na kupiga makofi.

"Kuran imerudi! Kuran imerudi!"

Redio iliwaka kwenye nyumba hiyo. Halafu nyingine, nyumba ya pili yake. Mwanamke mmoja alitoka mlangoni na pasi mkononi, anacheka, anamwambia Mbelu: fundi wetu amemaliza, Mungu ambariki.

Mbelu alisimama. Fundi hakuwa amemaliza. Alimwona kwa macho yake, pale konani, kutoka mgongoni: ameshuka kuchukua kipande cha waya, na sasa anapanda tena, hatua moja baada ya nyingine, koleo limening'inia kiunoni. Waya bado umekatika. Sasa umeme huu kwenye nyumba za watu umetoka wapi?

Ndipo akalisikia jenereta lake. Hata kwa kwaya ya kilio, hata kwa vipaza sauti, alilisikia: lilikuwa linakoroma kwa sauti nzito, sauti ya injini iliyobebeshwa mzigo.

Aliyaacha maji palepale. Kisichotaka maelezo mengi ni hiki. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ina waya mmoja ambao mafundi wa uchochoroni huwatengenezea watu: waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Unachomeka upande mmoja kwenye jenereta la kukopa, upande wa pili kwenye soketi yoyote ya ukutani, na nyumba nzima inawaka, taa, feni, televisheni, bila kuhangaika. Ni rahisi, ni haraka, na ni ujinga mtupu. Kwa sababu usipokata swichi kubwa kwanza, umeme haukai nyumbani kwako. Unatoka kupitia mita, unapanda kwenye waya wa barabarani, unaingia kwa jirani, na unaendelea mpaka mahali waya ulipokatikia. Pale, ukiwa uchi, unamsubiri mwenye koleo.

Aliingia uani anakimbia. Sindano ya ampea, ambayo kwa vikaangio vilivyozimwa ilipaswa kusimama kwenye nane, ilikuwa kwenye thelathini na moja. Waya mweusi ulitoka kizimbani, ukapita chini ya miguu ya wazee, ukaingia dirishani.

"Lipa kwanza!" Mignonne alisema, akinyoosha mikono yote miwili mlangoni. "Maji iko wapi? Na haujaimba!"

"Toka."

"Ooo, mama anakasirika te..."

Mbelu alimshika bega akamsukuma. Si kwa mchezo. Mignonne alianguka na kigoda chake, na kitenge kikachanika, na mkono wa Mbelu ukapiga kitufe chekundu.

Jenereta likafa. Kinanda cha kwaya kikakatika katikati ya wimbo. Kwa majirani redio zikanyamaza, watoto wakaguna kwa masikitiko. Halafu, ndani ya nyumba, kicheko cha mwanamke kikakatika pia, na Mbelu akajua ni cha nani. Mama Godelieve, mjane, hakuwa amekula wala kusema kwa siku tatu. Alikuwa amekaa sakafuni anamwangalia Numbi akiwa kwenye kiti cha mume wake, amevaa koti la mume wake, anamtukana refa kwenye televisheni vilevile kama mume wake, na kwa mara ya kwanza tangu kifo alikuwa ameshika mbavu. Na sasa televisheni ilikuwa nyeusi.

Makelele yalianza yote kwa pamoja. Mzee mmoja wa ukoo alipiga fimbo chini: nani amezima? Mwimbishaji wa kwaya aliuliza hilohilo kwa Kifaransa. Mignonne alikuwa chini, analia kwa hasira, anaonyesha kitenge. Kassim alikuja mbio, uso umempauka.

"Yaya! Unazima kuran ku kilio ya batu? Unataka batufukuze?"

"Heshima yako itakusaidia nini, tukizika mutu wa pili leo?" Mbelu akamjibu, na hakungoja.

Aliingia sebuleni na viatu vyake vya kazi, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa kesi ya peke yake. Akainama nyuma ya televisheni, akachomoa waya ukutani, akauvuta wote kutoka dirishani kama mtu anayevuta utumbo wa mbuzi. Numbi, bado kitini, bado katika miwani ya marehemu, alinyanyua kidole.

"Faini! Mama analipa mbuzi! Mbuzi mbili! Unakuya kuzimisha mupira mu nyumba ya mutu..."

"Numbi," akasema, akielekeza kidole kwenye nguzo ya konani. "Iko mutu ku poteau."

"Nani?"

"Fundi. Iko mutu ku poteau, anashika waya na mikono, na we ulimutumia kuran. Mutani unaua mutu ku kilio? Njo mutani gani huyo?"

Hakupiga kelele. Wote waliokuwepo wanasema hivyo, kwamba siku hiyo ndiyo mara pekee walipomsikia Mbelu akizungumza chinichini, na kwamba ilitisha kuliko kelele zake zote. Numbi akatazama waya mkononi mwa Mbelu, zile plagi mbili, moja huku moja huku, na hapo ndipo alipoelewa: alianza kuvua miwani, halafu koti, polepole, mkono mmoja, mkono wa pili, akaliweka juu ya kiti. Mama Godelieve alifunika uso kwa mikono miwili.

"Sikuyua," Numbi akasema. "Mama, mi sikuyua. Bote banafanyaka vile."

"Bote," Mbelu alisema, akatoka.

Kilio kizima kilimfuata mpaka konani, wazee, kwaya, watoto wa jirani na yule mwenye pasi. Fundi alikuwa juu bado, mkono mmoja umekumbatia nguzo, uso umegeukia chini kwa sababu ya kelele. Ncha ya waya ilikuwa mbele ya kifua chake, karibu kiasi cha kuishika bila kunyoosha mkono. Mignonne, aliyekuja anachechemea, aliiona ncha hiyo, akakaa chini mavumbini.

"Shuka!" Mbelu aliita.

Fundi akashuka. Alipogeuka, Mbelu akaona alikuwa nani.

Ni lazima nikueleze huyu, maana Mbelu hakumpa salamu kwa miaka tisa. Jina lake Kanyinda. Walijifunza pamoja, karakana moja huko Manika, wakifuma upya koili za mota zilizoungua, na fundi mkuu wao alikuwa akisema kwamba masikio ya Mbelu yanafaa kuliko vipimo vyake. Kampuni moja iliyokuwa ikitafuta mafundi wawili wa umeme iliwapa mtihani. Wote wawili walifaulu. Halafu Kanyinda akaitwa ofisini kwanza, peke yake, akaulizwa kuhusu mwenzake. Mbelu alikaa kwenye benchi barazani, vyeti mapajani. Kanyinda alitoka na mkataba wake, akapita na kuangalia ukuta. Mbelu aliambiwa aende nyumbani, nafasi ya pili imefutwa. Haikufutwa. Aliichukua shemeji yake Kanyinda.

Kazi hiyo ya kampuni ilikwisha kwa Kanyinda pia, kama zinavyokwisha, na ndiyo maana sasa anapandia watu nguzo mtaani. Lakini Mbelu alikuwa na miaka tisa ya kujiuliza ni maneno gani yalisemwa nyuma ya mlango ule.

Sasa alikuwa amesimama mbele yake, na waya wenye plagi mbili ulikuwa mkononi.

"Ulipima?" akamuuliza.

"Nilipima asubui. Haikukuwa na kitu."

"Asubui! Na saa hii, ulipopanda tena? Ulisikia groupe inalia, haukupima? Haukufunga nyaya pamoja mu udongo, kuran ikirudi isikuue?"

Kanyinda alipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa ameshaona plagi zile na alikuwa ameshafanya hesabu yake. Akajaribu kutabasamu.

"Niliuliza ile groupe ni ya nani. Baniambia ni ya kamiyo ya Kassim. Nikasema, ah, ile ni ya Mbelu. Mbelu hawezi kuacha kuran irudi mu ligne ya barabara. Anayua kazi kupita siye bote. Nikapanda."

Watu walinong'ona kwa kuridhika. Yalikuwa maneno mazuri, na Kanyinda aliyasema kama mtu anayetoa zawadi. Kassim akatikisa kichwa kukubali. Hata Zena, aliyekuja na mwiko mkononi, alitabasamu, akidhani sasa yaya atapoa.

Yaya ndiyo kwanza alikuwa anawaka.

"Siku ile mu bureau," akasema, "ulisema nini juu yangu?"

"Mbelu, ile mambo ni ya zamani."

"Ulisema nini?"

Kanyinda alitazama watu. Hakuna aliyemsaidia. Numbi alikuwa amesimama bila koti, kichwa chini, na mjane alikuwa ameshika mkono wa mtoto wa jirani, wote wanangoja.

"Nilisema unayua kuwasha na kuzima. Nilisema... kuran yenyewe hauyue."

"Sema kwa nguvu. Mama Godelieve hakusikia."

Akasema tena, kwa nguvu, kila neno.

Kwa miaka tisa Mbelu aliamini kwamba siku atakayoyasikia maneno hayo, hasira itamtoka kama jipu lililotumbuliwa. Haikutoka. Ilizidi. Kama mtu huyu angekuwa mjinga asiyejua thamani yake, angemsamehe, wajinga ni wengi. Lakini Kanyinda alijua. Alijua siku ile ofisini kama alivyojua leo, kiasi cha kupanda nguzo na kuweka roho yake mwenyewe mikononi mwa mwanamke ambaye alimsemea uongo ili shemeji apate ajira. Na alikuwa anategemea ashukuriwe kwa hilo.

Watu walingoja apige kelele. Walingoja atukane, Mbelu wanayemjua angetukana mpaka jua lizame. Alizungusha waya mkononi mara tatu, akaufunga fundo, akautia mfukoni mwa ovaroli.

"Kipimo chako iko wapi?"

Kanyinda aligusa mfuko wa shati. "Iko. Lakini si umezima? We mwenyewe umezima, si ndiyo? Basi niko napanda tu."

"Pima kwanza," Mbelu akasema. "Mi nayua kuwasha na kuzima tu."

Kanyinda akatoa kipimo mfukoni, mbele ya watu wote, akaanza kupanda.